Kadi ya Buck Tillery na Vazi la Kitunguu

Jumanne, 11 Aprili 2023

Ramona, mwenye duka la kadi za besiboli, katangaza. Sanduku la kwenda kwa wapimaji wa kadi linaondoka Jumamosi ya wiki ijayo, na safari hii ni kadi tatu kwa kila mtu. Tatu tu! Mwaka jana tulimrundikia kadi kama watu wanaohama nyumba, akashinda akifungafunga na kutulaani. Mwaka huu hataki mchezo.

Nina maboksi ya viatu yanayojaza kabati zima la gereji. Wachezaji wote wa besiboli wa utoto wangu wamo kwenye kadi zao za picha, wamelala kimya. Sasa nichague watatu waende kwa wapimaji, wakakodolewe macho chini ya taa, wapewe alama kuanzia moja mpaka kumi, wafungiwe ndani ya kasha la plastiki lisilofunguka. Kadi ikishafungwa hivyo ubishi umekwisha. Alama imeandikwa, hata mama yako mzazi hawezi kuibadilisha.

Delbert Kunkel alikuwa ameegemea kaunta anakula donati juu ya kadi za watu. Jirani yangu huyu, tangu tukiwa na meno ya utoto. Akasema mwaka huu ananitia adabu. Nikamwambia mtu mwenye kadi zenye makombo hamtii mtu adabu. Akasema haya, tuwekeane — jumla ya alama za kadi zake tatu dhidi ya zangu tatu. Atakayeshindwa atavaa kitunguu.

Ramona akaacha hata kuhesabu stempu.

Kitunguu ni kile cha Sikukuu ya Vitunguu, mwezi wa saba. Kila mwaka kamati inabembeleza mtu akivae, aandamane nyuma ya gari la zimamoto mbele ya mji mzima, na kila mwaka wanaume wenye afya zao wanashikwa na mgongo ghafla. Mke wangu Darlene yumo kwenye kamati, kwa hiyo nakijua. Kimeshonwa juu ya vyuma vya duara, kipana kiasi cha kuingiza watu wawili na kiti chao. Kina tundu moja jembamba la kuchungulia, na zipu mgongoni ambayo aliye ndani haifikii. Mwaka juzi mfamasia alijikwaa mle ndani, akabingirika mpaka kituo cha mafuta. Watu walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya onyesho.

Nikampa Delbert mkono. Vidole vyake vilikuwa na sukari.


Jumatano, 12 Aprili

Nimeiteka meza ya jikoni. Taa ya cherehani ya Darlene, kioo cha kukuzia, kitambaa cheupe. Naonekana kama daktari wa panya.

Sonny Marchetti, 1968 — huyu hana mjadala. Pembe zake nne kali mno, unaweza kujisafishia kucha. Anakwenda.

Clyde Abernathy — uso safi, lakini mgongoni ana doa la chingamu. Zamani zile walikuwa wanatia kipande cha chingamu humo humo kwenye pakiti pamoja na kadi, na kilikuwa kinaacha doa kama la siagi. Nimemnusa. Miaka yote hii bado ananukia utamu. Sijui kama wapimaji wananusa.

Pete Dombrowski ana kitone cheusi puani. Nilikisugua kwa pamba, taratibu, ulimi nje, mpaka nikagundua ni wino wa kiwandani. Dombrowski alizaliwa kiwandani na kamasi zake. Si kosa lake, lakini atapoteza alama. Hata hivyo ndiye wa tatu wangu. Mbali na pua, ni kijana safi.

Darlene akaja na sahani, akakosa pa kuziweka. Akaiangalia safu yangu. Akauliza Tillery yuko wapi.

Nikajifanya sijasikia. Akauliza tena. Nikasema wapimaji hawawapendi wadakaji.

Ndivyo nilivyosema! Mtu mzima, mwenye wajukuu. Hawawapendi wadakaji.

Tulikula tumepakata sahani mapajani.


Alhamisi, 13 Aprili

Hili lazima niliandike mahali, maana sijawahi kumwambia mtu.

Buck Tillery, 1966. Mdakaji mbovu kuliko wote waliowahi kulipwa kwa kazi hiyo. Mipira ilimpita huku na huku, yeye akiinama kuitafuta kama mtu aliyeangusha funguo. Nilimpenda kwa sababu na mimi shuleni nilidaka hivyo hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kumwona mtu mbovu kama mimi akiwa na kadi yake mwenyewe kulinipa moyo.

Kadi ilikuwa na kasoro moja. Picha ilichapwa upande. Ukingo mweupe wa kushoto mpana kama mkanda wa suruali, wa kulia mwembamba kama uzi. Nililalamika kutwa kucha. Nilimlalamikia mama, nikamlalamikia Delbert, na nilipooa nikamlalamikia Darlene fungate nzima. Sijui kwa nini hakurudi kwao.

Mwaka uliofuata, 1975, alikuwa karani wa ofisi ya shule. Pale ofisini kulikuwa na ile mashine ya kukatia karatasi, yenye panga refu unalolishusha kwa mkono. Siku yangu ya kuzaliwa akanipa bahasha ndogo yenye utepe. Ndani yake, Buck Tillery. Amenyooka! Kingo zote nne sawasawa, nyembamba kama uzi. Alikuwa ameukata upande mnene, kisha juu na chini zilingane. Akaniambia, "Nimekurekebishia." Uso ulikuwa unang'aa.

Kwa watu wa kadi hakuna dhambi kubwa kuliko hiyo. Kadi iliyokunjwa wanaipa alama. Iliyochanika wanaipa. Iliyotafunwa na mbwa wataipa moja, kwa huruma. Iliyokatwa ukingo hawaipi kitu. Wanaijua tu, wana rula zao. Inarudi na maandishi kwamba imekatwa, kana kwamba mwenyewe ni tapeli.

Nilimwambia asante. Nikambusu. Nikaenda gereji nikasimama kidogo karibu na matairi. Nikarudi, nikaiweka kando ya kitanda, na iko hapo mpaka leo. Mwanzoni niliiweka kwa adabu tu. Halafu, sijui lini, ikawa ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Nikiamka naiona kabla sijapata miwani.

Na Darlene anaamini kwamba Ohio nzima hakuna Tillery aliyenyooka kama yule. Kwa kweli hayupo.


Ijumaa, 14 Aprili

Chakula cha jioni: mkate wa nyama ya kusaga. Wa baridi. Sikuuliza.


Jumamosi, 15 Aprili

Nimeenda kumpeleleza Delbert. Nikamkuta amevaa glavu nyeupe za bendi ya shule, zile alizopigia tarumbeta, amebana pumzi ili asiipulizie kadi yake mvuke. Aliibana mno. Akapepesuka, akaketi juu ya paka. Paka akapanda pazia. Nikadhani nitaitwa kutoa ushahidi.

Rangi ya uso ilipomrudia akanionyesha watatu wake. Wawili wazuri, inaniuma kukiri. Wa tatu aliwahi kumbana kwa kibanio cha nguo kwenye spoku za baiskeli yake, ili baiskeli itoe mlio wa pikipiki. Pembe zake zimekuwa mviringo kama biskuti. Nikamuuliza unampeleka huyu kweli? Akasema huyu amesafiri naye maili nyingi kuliko mke wake, na atakwenda.

Nilirudi nyumbani napiga mluzi. Marchetti, Abernathy, Dombrowski — namshinda bila jasho.

Darlene alikuwa anapanga vitambaa vya rangi ya kitunguu kwa ajili ya kamati. Nikamwambia Delbert amekwisha. Akasema hongera. Ile hongera ya kufungia mlango.


Jumatatu, 17 Aprili

Nimeamka, nikanyoosha mkono, hakuna kadi. Miwani ipo, glasi ya maji ipo, Tillery hayupo.

Nilitafuta chini ya kitanda. Nilitafuta ndani ya mto. Nilimtazama mbwa kwa namna ambayo baadaye ilibidi nimwombe radhi. Mwisho nikaiona kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo, imelala kifudifudi.

Nimeiacha pale pale. Sikuwa na ujasiri wa kuitoa wala wa kuuliza. Meza ya kando ya kitanda inaonekana kubwa sasa, na sipendi inavyoonekana.


Jumanne, 18 Aprili

Nimemuuliza Ramona kuhusu rafiki yangu mmoja. Huyo rafiki ana kadi iliyokatwa kidogo, kwa nia njema, na mtu anayempenda. Je, wapimaji wanaweza kuonyesha utu?

Ramona akasema hawana sehemu ya kujaza utu. Wanapima. Ikipungua, imepungua.

Nikauliza, je, mwenye duka anaweza kumnong'oneza mpimaji? Akasema mwenye duka anaweza kumnong'oneza mwenye rafiki huyo aende nyumbani akaongee na mkewe. Nikasema sikusema mke. Akasema, "Mzee Harlan, mimi nauza kadi. Ushauri wa ndoa hauuzwi hapa." Kisha akanipa pipi, kama mtoto aliyechomwa sindano.


Alhamisi, 20 Aprili

Leo amesema.

Nilikuwa nakausha vyombo. Akaniambia bila kugeuka kwamba ningemwambia tu. Nikauliza nini. Akasema ningemwambia tangu zamani kwamba ile ilikuwa zawadi ya kipuuzi, ya msichana asiye na kitu, asingenuna. Kinachomuuma ni kwamba nimeiweka kando ya kitanda miaka yote hii ili kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na sasa watu wenye kadi za kweli wameitwa, nampeleka mwenye kamasi na kumwacha wake.

Nikafungua mdomo. Ndani ya mdomo kulikuwa na mambo mawili. Moja lilikuwa ukweli — kwamba kadi ameiharibu mwenyewe kwa mkono wake mzuri. La pili lilikuwa lile la wadakaji. Nikaufunga.

Nimekausha sahani moja mpaka ikapata joto.

Hesabu ni nyepesi, hata mimi naiweza. Nikimpeleka Tillery, anapata sifuri, nami navaa kitunguu, hakuna kuponea. Nisipompeleka, Darlene ataamini mpaka kufa kwamba namwonea haya. Nikimwambia kwa nini, namnyang'anya ule uso uliokuwa unang'aa. Huo uso ninao bado. Ni wangu. Sitaki kuugusa.


Jumamosi, 22 Aprili

Imekwisha.

Nilifika dukani na Marchetti, Abernathy na Dombrowski, kila mmoja kwenye mfuko wake. Delbert alikuwa mbele yangu na glavu zake. Darlene alikuwa amekuja nami, eti kununua nyuzi duka la pili. Hakwenda duka la pili. Alisimama karibu na dirisha anasoma tangazo la mafuta ya gari.

Ramona akasema, "Haya mzee, weka."

Nikaweka Marchetti. Nikaweka Abernathy. Nikaingiza mkono mfukoni kumtoa Dombrowski — nikautoa mtupu. Nikaenda dirishani. Nikamwambia Darlene, "Mama, ile kadi yangu iko wapi? Ile nzuri."

Alinitazama sana. Halafu akafungua mkoba wake. Alikuwa nayo! Alikuwa amekuja nayo ndani ya mfuko wa kitambulisho cha maktaba, kwa bahati tu, asema. Kwa bahati.

Nikaiweka kaunta. Ramona akaitazama, akanitazama, akamtazama Darlene, akaitazama tena kadi. Anazijua kadi huyu, hahitaji rula. Nikamkazia macho mpaka yakauma. Akasema, "Imenyooka sana hii."

"Si ndiyo?" alisema Darlene.

Delbert akachungulia. Naye akafungua mdomo wake mkubwa. Nikamkanyaga mguu. Akasema aah, kisha akasema kweli imenyooka.

Njiani kurudi Darlene aliimba na redio. Nyumbani palikuwa na kuku wa kukaanga na viazi. Nilikula kama mtu anayesafiri kwenda jela, yaani nilikula vizuri sana.


Jumatano, 10 Mei

Mpango. Kadi zitarudi dukani, nitazichukua mimi, si mwingine. Tillery atakuwa kwenye mfuko na kile kikaratasi cha aibu. Nitakichoma. Nimeshaagiza kasha tupu la plastiki lenye kufanana, na nitatengeneza lebo mwenyewe. Nimpe alama ngapi? Kumi ni tamaa. Tisa Delbert ataomba kuona. Nane na nusu — hiyo ina unyenyekevu.


Jumapili, 14 Mei

Lebo imetoka kwenye printa vizuri. Tatizo ni kuikata. Nimekata sita, zote zimepinda. Moja imekuwa pembetatu kabisa. Mkono wangu haujui mstari ulionyooka hata ukiuchorea.

Nyumba nzima hii, mtu mmoja tu anaweza kukata kitu kikanyooka. Nilikaribia kumwita.


Jumanne, 6 Juni

Hakuna habari. Ramona anasema wapimaji wana foleni. Meza ya kando ya kitanda imebaki na miwani na maji. Darlene kaweka pale kasahani kadogo, ka kumpokelea Tillery akirudi. Nikikaona nageukia ukutani.


Jumatano, 5 Julai

Alama zimetoka kwenye mtandao. Kadi zenyewe zinakuja kwa posta mwisho wa wiki. Ramona akatupigia simu mmoja mmoja.

Delbert: nane, sita, na yule wa baiskeli tatu. Marchetti wangu tisa — tisa! Abernathy saba, kwa hiyo wapimaji hawanusi, au wananusa na wakapenda. Tillery hakupewa. Nimeshindwa kwa alama moja. Dombrowski na kamasi zake angenitoa salama.

Nilikuwa nimejiandaa, lakini nilikaa kwenye ngazi ya nyuma kidogo.

Nikamwona Delbert anakuja kupitia kwenye ua. Nilisubiri kelele zake. Hakupiga kelele. Aliketi ngazi ya chini yangu, akavuta majani.

"Iliandikwa kwamba imekatwa," alisema.

Nikasema ndiyo.

"Na wewe huwezi kukata hata keki."

Akageuka akatazama dirisha la jikoni, Darlene alikuwa pale anaosha nyanya. Nikaona linamwingia polepole, kama kawaida yake.

"Ile mashine ya shule," akasema. "Harlan, bwana wee. Ulijua unaipeleka kufa."

Akasema basi tufute, dau limekufa. Nikakataa. Akasema basi atavaa yeye, mgongo wake ni mzima. Nikamwambia Darlene yuko kwenye kamati, atauliza mshindi kavaaje kitunguu, na uzi ukivutwa hapo unafumuka wote. Lazima nivae. Nitamwambia Abernathy alituangusha, kwa sababu ya chingamu, na alama za Delbert nitaziongeza kidogo.

Delbert akafikiri. Akasema kama ni hivyo atanicheka, watu wasishuku, lakini atacheka kidogo tu. Sijui kama anaweza. Kicheko chake kinasikika mpaka wilaya ya pili.

Darlene nilimwambia chakula cha jioni. Alisikitika kweli. Akauliza Tillery kapata ngapi. Nikasema nane na nusu.

Akaweka uma chini, akashika mashavu yake. "Nane na nusu," akasema. "Kwa mashine ya shule!"

Nimedanganya, na yeye amefurahi, na mimi pia nimefurahi.


Ijumaa, 7 Julai

Posta haijaleta. Ramona kaniapia kwamba zikija kesho anakuja nazo kwenye meza yake ya sikukuu na hampi mtu ila mimi. Nina kasha. Nina lebo, ya kumi na moja, imepinda kidogo tu. Naibana mfukoni mwa suruali. Nitavua kitunguu saa nne, nitachukua kadi, nitaingia chooni pale kituo cha mafuta, nitatoka na nane na nusu.

Darlene amekipiga kitunguu pasi.


Jumamosi, 8 Julai — ndani ya kitunguu

Naandika humu humu. Mikono iko ndani, daftari liko juu ya tumbo, mwanga unatoka kwenye lile tundu. Delbert alinifunga zipu akacheka mpaka akashika mti. Kidogo tu, alisema!

Gwaride halijaondoka. Trekta linalovuta jukwaa la malkia wa vitunguu limezimika, na watu watatu wameliinamia wakitoa maoni. Gari la zimamoto linasubiri mbele yangu. Watoto wananigonga kuona kama kuna mtu. Kuna joto. Kitambaa kinanuka vitunguu vya miaka yote.

Kupitia tundu naona meza ya Ramona, ng'ambo ya barabara. Kuna boksi la posta juu yake. Zimefika! Ramona mwenyewe hayupo, yuko kwenye foleni ya maji baridi ya ndimu. Mezani kamwacha mumewe, ambaye hajui kadi, hajui siri, na ni mtu mwenye kupenda kusaidia.

Darlene anakwenda pale. Ana fulana ya njano ya kamati. Anaongea naye. Mume wa Ramona anacheka, anafungua boksi, anatafutatafuta.

Nimepiga kelele. Nimeita Darlene! Watoto wamepiga makofi.

Nimemwita Delbert. Amesikia — anavuka barabara anakimbia. Sijamwona Delbert akikimbia tangu tulipovunja dirisha la kanisa. Ana soseji mkononi. Amefika. Amesimama kati ya Darlene na meza, anaonyesha mawingu. Hakuna mawingu.

Amechelewa. Anayo mkononi. Sioni uso wake kwa sababu ya fulana ya Delbert. Sasa Delbert amesogea.

Anasoma.

Anasoma tena.

Amegeuka kunitafuta. Nilipo hapa si vigumu kuonekana.

Anakuja. Nimejaribu kurudi nyuma, nimegonga gari la chama cha wastaafu. Zipu siifikii. Mfukoni nina lebo ya nane na nusu, na nimekaa nayo humu kama mwizi wa kuku.

Amefika. Naona vifungo vya fulana yake tu, na mfuko wa plastiki wenye Buck Tillery, na kile kikaratasi.

"Harlan. Umo humo?"

Kitunguu hakiongei.

"Harlan, nakusikia unaandika."

Nimeacha. Nimesema nimo.

Akasema, "Imeandikwa imekatwa." Halafu, "Wanasema ikikatwa haina thamani tena. Delbert naye kaniuliza kuhusu mawingu, kwa hiyo na yeye anajua. Wewe ulijua lini?"

Nimesema tangu siku ile.

Nasikia anapumua. Nimeoana na mtu huyu miaka arobaini na tisa, najua anavyopumua akiwa na hasira na akiwa anazuia kicheko na akiwa analia, na hii siijui.

"Kwa nini uliniambia asante?"

Nimeangalia kwenye tundu. Nimeona kidevu chake. Nimesema, "Ilikuwa imepinda. Nililalamika miaka tisa, wewe peke yako ndiye uliyeinyoosha."

Mtoto mmoja ameuliza kwa nini yule bibi anajifuta macho kwenye kitunguu. Mama yake amesema vitunguu ndivyo vilivyo.

Trekta limewaka. Watu wanashangilia. Gari la zimamoto linapiga honi, tunaondoka sasa hivi, na Darlene hayupo tena mbele ya tundu. Namtafuta kushoto, namtafuta kulia. Hayupo.

Zipu inashuka mgongoni mwangu. Hewa baridi. Mkono umeingia, una kadi, halafu bega, halafu fulana ya njano.

"Sogea," anasema.